Kiini cha Transfoma cha Mabati Yaliyokunjwa: Namna ya Kujua Kama Wazo Lako Linastahili Hataza

Mwongozo huu nawaandikia mafundi na wahandisi wa karakana za Dodoma, Manyoni na Singida, pamoja na wanafunzi wa vyuo vyetu, waliopata njia yao ya kukunja mabati ya chuma cha silikoni kuwa kiini cha transfoma na sasa wanajiuliza kama wanaweza kuiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako. Niseme mapema ninachoamini: umbo la kiini peke yake karibu kila mara litakataliwa, kwa sababu maumbo ya msingi yote yameshaandikwa. Kinachoweza kupita ni uhusiano kati ya kipimo ulichokichagua na matokeo ambayo mtaalamu asingeyatarajia, na uhusiano huo unathibitishwa kwa namba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yako ni kupekua na kupima. Fomu ni jambo la mwisho, na ndilo jepesi.

Hatua ya 1: Tunza siri kuanzia leo

Uvumbuzi ukishafika kwa umma popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kutumiwa, unaacha kuwa mpya. Mkoani kwetu hatari ziko karibu: banda la Nane Nane pale Nzuguni, maonesho ya wabunifu ya MAKISATU, picha kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, tasnifu iliyokwisha kuwekwa maktaba. Hata kumuuzia mwenye mashine ya kusaga kule Kongwa transfoma moja yenye kiini hicho kunatosha kukuharibia, maana mnunuzi ana haki ya kuifungua na kuitazama.

Baadhi ya nchi humsamehe mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe muda mfupi kabla ya kuomba. Masharti yanatofautiana, na Ulaya ni kali mno, kwa hiyo usijenge nyumba juu ya msamaha. Ukilazimika kumwonesha mtu kazi yako, iwe ni mwenye mashine ya kukunjia, mfadhili au msimamizi wako, andikianeni kwanza karatasi ya usiri yenye maelezo mafupi ya jambo, tarehe na sahihi. Ukurasa mmoja unatosha. Wakati huohuo soma mkataba wako wa kazi au sera ya chuo chako kuhusu uvumbuzi, ujue mali ni ya nani kabla hamjaanza kugombana.

Hatua ya 2: Eleza tatizo, kisha umbo

Wavumbuzi wengi huja na mchoro. Mtahini wa hataza anataka kwanza kujua mchoro huo unatatua nini, na hapa lazima tuingie ndani ya chuma chenyewe.

Mabati ya kiini yana silikoni takriban asilimia 3, na unene unaouzwa sana ni milimita 0.23, 0.27 na 0.30. Tangu kazi ya Mmarekani Norman Goss katika miaka ya 1930, viwanda vinajua kuelekeza chembe za chuma hiki upande mmoja, ule bati lilikopitia kwenye rola. Sumaku hupita kwa wepesi upande huo na kwa shida pande nyingine, kama mbao inavyopasuka vizuri kwa kufuata nyuzi zake. Ukilikunja bati, mpangilio wa chembe unavurugika pale penye mkunjo, na upotevu wa umeme hapo unapanda.

Njia ya zamani ilikuwa kuviringisha bati kuwa duara, kulibana liwe na pembe, kisha kulipasha moto wa karibu nyuzijoto 800 ndani ya gesi isiyounguza na kulipoza polepole ili mkazo utoke. Njia ya mikunjo ni tofauti. Kila bati hukatwa na kukunjwa peke yake, mara nyingi mikunjo miwili ya nyuzi 45 kwa kila kona, halafu mabati hupangwa moja juu ya jingine kutoka ndani kwenda nje. Viungo vyake hupishana upande mmoja ili koili iweze kupitishwa. Unicore, teknolojia iliyotoka Australia, ndiyo iliyoifanya njia hii ijulikane. Faida yake kubwa kwa karakana zetu ni kwamba kiini kinaweza kutumika bila kupita kwenye tanuru, na tanuru la gesi ni mtaji ambao fundi wa kawaida hana.

Basi tatizo lako laweza kuandikwa hivi: kupunguza upotevu kwenye mikunjo bila tanuru. Au: kupunguza mlio. Au: kuzuia mipako ya kuhami isipasuke pale bati linapokunjwa. Chagua moja. Usidharau upotevu mdogo, kwani transfoma ya kijijini inakula umeme saa 24 hata watu wote wakiwa wamelala. Wati 1 ya upotevu wa kiini ni yuniti 8.76 kwa mwaka, na wati 100 ni yuniti 876, kwa transfoma moja tu. Zidisha kwa transfoma zilizofungwa vijijini na utaona kwa nini makampuni makubwa yanagombania sehemu ndogo za milimita.

Hatua ya 3: Pekua maandishi yaliyotangulia

Espacenet, Patentscope ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, na Google Patents ni hifadhi za hataza mtandaoni; zote ni za bure na zinafunguka hata kwa simu. Tatizo ni kwamba nyaraka nyingi za eneo hili ni za Kijapani, na maneno yanayotumika hayafanani. Tafuta kwa alama za uainishaji, kwa sababu alama hazina lugha. H01F 27/245 ni viini vya mabati, hasa yale yenye chembe zilizoelekezwa. H01F 27/25 ni viini vya ukanda wa kuviringwa. H01F 41/02 ni namna ya kutengeneza viini, na C21D 8/12 ni utengenezaji wa chuma chenye sifa maalumu za sumaku. Kama wazo lako linahusu mlio, ongeza H01F 27/33.

Unganisha alama hizo na majina ya waombaji. Nippon Steel na JFE Steel za Japani zina nyaraka nyingi sana kuhusu viini vya mikunjo. Kumbuka majina hubadilika: kati ya 2012 na 2019 Nippon Steel iliitwa Nippon Steel & Sumitomo Metal, na JFE Steel ilizaliwa 2003 kutokana na Kawasaki Steel na NKK. Ukitafuta kwa jina la sasa pekee, nyaraka za miaka ya nyuma zinaweza kukupita.

Usisome muhtasari ukaridhika. Fungua madai, yaani sehemu inayotaja hasa kinacholindwa, kisha majedwali ya majaribio. Tengeneza daftari lenye mstari mmoja kwa kila hati, na ujaze unene wa bati, idadi ya mikunjo kwa kona, nusu kipenyo cha upande wa ndani wa mkunjo, joto la kukunjia, ukubwa wa chembe karibu na mkunjo, hali ya mipako, na kama kuna kupasha moto baadaye. Utagundua haraka kwamba mikunjo miwili kwa kona inayojumlisha nyuzi 90 imeshaandikwa, nusu kipenyo cha milimita 1 hadi 5 kimeshaandikwa, na kukunja bati likiwa limepashwa joto kumeshaandikwa. Usivunjike moyo. Daftari hilo ndilo litakalokuonesha nafasi iliyobaki wazi.

Hatua ya 4: Tenganisha maswali mawili

Hapa ndipo nimeona watu wengi wakikwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza: je, naweza kupewa hataza? Kwa swali hili kila kitu kilichochapishwa duniani kinahesabiwa dhidi yako, iwe ni hataza hai, iliyokufa au ombi lililokataliwa, kwa lugha yoyote.

Swali la pili: je, naweza kutengeneza na kuuza bila kumkosea mtu? Hapa mambo ni tofauti kabisa. Hataza hufanya kazi ndani ya nchi ilikotolewa tu. Hati ya Kijapani ambayo mwenyewe hakuipeleka Tanzania haikuzuii kukunja mabati hapa Dodoma, kutengeneza transfoma na kuifunga Mpwapwa. Kwa hiyo, hati ileile inayoliua ombi lako kwenye swali la kwanza inaweza kuwa mwalimu wako wa bure kwenye swali la pili. Imechorwa, ina vipimo, ina majedwali ya majaribio yaliyogharimu kampuni fedha nyingi. Isome kama kitabu cha ufundi.

Ila hakikisha. Hataza inaweza kuingia Tanzania Bara kwa kuombwa moja kwa moja BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, au kupitia ARIPO, Shirika la Kikanda la Afrika la Miliki Ubunifu lenye makao Harare, endapo mwombaji aliitaja Tanzania. Kwenye Espacenet tazama orodha ya hati za familia moja, yaani maombi ya uvumbuzi uleule katika nchi mbalimbali: herufi TZ ni Tanzania, AP ni ARIPO. Ukiiona mojawapo, uliza BRELA kama hataza ingali hai na ada zake zinalipwa. Na ukitaka kuuza Kenya, swali la pili linaanza upya kwa Kenya.

Kuna watakaofika hapa wakagundua kwamba hawahitaji hataza, wanahitaji kutengeneza tu. Hilo ni jibu zuri, na linawaokolea fedha.

Hatua ya 5: Jaribu upya wa wazo lako

Kanuni ni kali lakini rahisi kuifuata: wazo si jipya iwapo hati moja ina vipengele vyote vya dai lako kwa pamoja. Huruhusiwi kuchanganya hati mbili kwenye jaribio hili.

Mtego wa kwanza ni kipengele kilichojificha. Tuseme umebuni kipimo chako mwenyewe, kwa mfano uwiano wa unene wa bati pale penye mkunjo na unene wake sehemu bapa. Hakuna hati inayokitaja. Lakini kama kiini cha hati ya zamani, kikitengenezwa kama ilivyoelekezwa, kitakuwa na uwiano huohuo, basi kipimo chako si kipya. Umekipa jina tu kitu kilichokuwapo. Njia ya kujua ni kutengeneza kiini kwa kufuata hati ile na kukipima.

Mtego wa pili ni kuchota ndani ya masafa ya mwingine. Hati inasema milimita 1 hadi 5; wewe unadai 2.2 hadi 2.6. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ambayo mantiki yake hufuatwa na watahini wengi, hukubali upya wa masafa madogo yakiwa finyu na yakiwa mbali na mifano iliyomo ndani ya hati hiyo. Kama jedwali lao lina mfano wa milimita 2.5, umekwisha hapo hapo.

Hatua ya 6: Jaribu hatua ya uvumbuzi

Hatua ya uvumbuzi maana yake wazo lako lisiwe jambo ambalo mtaalamu angelifikia kirahisi. Sasa unaruhusiwa kuchanganya hati. Chukua hati iliyo karibu zaidi na wazo lako. Andika tofauti kwa sentensi moja. Andika tofauti hiyo inaleta nini, kisha ujiulize kwa uaminifu: mtaalamu wa kawaida, mwenye hati hiyo mkononi na tatizo hilo mbele yake, angefika pale pale bila kufikiri sana?

Nitoe mfano wa kujifunzia. Mkunjo mkali huivuta ngozi ya nje ya bati kwa kiasi kikubwa. Kiasi hicho hukadiriwa kwa kugawa unene kwa jumla ya unene na mara mbili ya nusu kipenyo cha ndani. Bati la 0.23 likikunjwa kwa nusu kipenyo cha milimita 1, mvutano ni karibu asilimia 10. Kwa milimita 2 ni asilimia 5.4, kwa milimita 5 ni asilimia 2.2. Ungesema basi mkunjo mpana ndio bora. Lakini mkunjo mpana unaharibu eneo refu zaidi: kwa nyuzi 45, urefu wa upinde wa ndani ni milimita 0.8 kwa nusu kipenyo cha 1, na karibu 3.9 kwa nusu kipenyo cha 5. Nguvu mbili zinapingana, na mahali zinaposawazika hapajulikani kwa kukaa mezani na kalamu. Mahali kama hapo ndipo uvumbuzi huweza kuishi.

Tuseme wazo lako ni kuyapa mabati ya robo ya ndani nusu kipenyo tofauti na mabati ya nje. Mtahini atasema: inajulikana kwamba sumaku husongamana ndani kwa sababu njia ni fupi, na inajulikana kwamba mkunjo huongeza upotevu, kwa hiyo kila mtaalamu angelegeza mikunjo ya ndani. Kama ndicho ulichofanya na faida uliyopata ndiyo iliyotarajiwa, utakataliwa, na kwa haki. Lakini kama vipimo vinaonesha kinyume, kwamba mkunjo mkali wa ndani pamoja na mpana wa nje ndio uliopunguza upotevu, hapo una hoja ya kusimamia.

Hatua ya 7: Pima hadi mtu mwingine akuamini

Bila vipimo hatua ya 6 ni maneno. Kipimo kinachoheshimiwa kwenye eneo hili ni uwiano wa upotevu: wati kwa kilo za kiini kilichokamilika, ugawe kwa wati kwa kilo za bati lilelile kabla ya kukunjwa. Ukipata 1.00, ukunjaji haujaharibu kitu, 1.15 maana yake umepoteza asilimia 15 zaidi. Upotevu wa bati tupu hupimwa kwa fremu ya Epstein chini ya kiwango cha IEC 60404-2, au kwa kipimo cha bati moja chini ya IEC 60404-3. Huna fremu? Anza na cheti cha kiwanda kilichokuja na roli, kisha tafuta maabara kabla ya kuwasilisha ombi.

Kiini chenyewe unaweza kukipima karakanani. Zungushia koili mbili, moja ya kuingiza umeme, nyingine ya kusoma volti. Volti inayotakiwa ni 4.44 mara masafa ya umeme kwa hezi, mara idadi ya mizunguko, mara eneo la chuma, mara msongamano wa sumaku. Kwa hezi 50, mizunguko 20, eneo la mita ya mraba 0.01 na tesla 1.7, unapata volti 75.5. Eneo lipate kwa uzito, siyo kwa rula, kwa sababu mipako na hewa kati ya mabati hudanganya: gawa kilo kwa 7,650 na kwa urefu wa wastani wa njia kwa mita. Tumia variaki, kifaa cha kupandisha na kushusha volti, na wattmita nzuri, na upime wakati volti ya gridi imetulia. Wimbi likiharibika, namba zako hazilinganishwi na za mtu mwingine.

Tengeneza viini vitatu au zaidi kwa kila hali, vyote kutoka roli moja. Pima ndani ya masafa unayotaka kudai, chini yake, juu yake, na kiini kilichotengenezwa kama hati iliyo karibu zaidi. Vile vya nje ya masafa ndivyo vyenye thamani kubwa, kwa sababu vinaonesha kwamba mpaka wako una sababu. Andika pia namna ulivyopima mkunjo: ulikata wapi, ulisugua vipi, duara ulilipatanisha na picha kwa njia gani. Hataza nyingi za namba hushindwa kwa sababu msomaji hawezi kujua kipimo kilipatikanaje.

Hatua ya 8: Andika madai

Dai zuri la kwanza hufuata mpangilio huu:

*Kiini cha transfoma kilichopangwa kwa mabati ya chuma cha silikoni yenye chembe zilizoelekezwa, kila bati likiwa na sehemu bapa na kona zinazopokezana, kila kona ikiwa na mikunjo miwili ambayo jumla ya pembe zake ni nyuzi 90. Kikitambulika kwa kuwa mabati ya robo ya ndani yana mikunjo yenye nusu kipenyo cha ndani R1, na mabati mengine yana R2, ambapo R1 ukigawa kwa R2 ni kati ya X na Y.*

Sehemu ya kwanza inakubali yaliyokwisha kujulikana. Baada ya neno "kikitambulika" ndipo pako. Fuatisha madai membamba zaidi, yenye unene fulani au masafa finyu, yakusaidie pale la kwanza likianguka. Ongeza dai la njia ya kutengeneza na dai la transfoma yenye kiini hicho. Usidai matokeo matupu kama "kiini chenye upotevu mdogo", wala usitumie maneno yasiyopimika kama "mkunjo laini".

Hatua ya 9: Chagua pa kuwasilisha

Kwa Tanzania Bara ni BRELA, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217, ya mwaka 1987. Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Ombi huwa na fomu, maelezo, madai, michoro na ikisiri. Sheria yetu ina pia ulinzi mdogo kwa ajili ya maboresho, ambao unadai wazo liwe jipya na liweze kutumika viwandani, bila kudai hatua ya uvumbuzi. Kwa fundi mwenye jigi nzuri ya kukunjia au mpangilio mpya wa viungo, mimi naona njia hiyo mara nyingi inamfaa kuliko hataza kamili.

ARIPO, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, hupokea ombi moja kwa nchi kadhaa, kwa Kiingereza, na huchunguza kama wazo ni jipya na kama lina hatua ya uvumbuzi. Ikiamua kutoa hataza, kila nchi iliyotajwa ina miezi 6 ya kuikataa kwake. Kama soko lako ni Tanzania na majirani, au unataka kukiuzia leseni kiwanda kama Tanelec cha Arusha, njia hii ina maana. Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT), ambao Tanzania iliingia 1999, unafaa ukilenga nchi za mbali zaidi, na gharama zake zinapanda ipasavyo.

Ukiwasilisha ombi la kwanza, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine kwa tarehe ileile. Tumia miezi hiyo kupima zaidi. Lakini tarehe ya kwanza inalinda kile tu kilichoandikwa siku ile: ukigundua baadaye kwamba masafa yako yanafika mbali zaidi, au kwamba bati la 0.27 nalo linaitika, liandikie ombi jipya kabla ya kuonesha chochote, kisha uyaunganishe yote mawili utakapoomba nje.